Sala ya Mama Katika Mdomo wa Chuma

Hata leo watu wa mji wetu wa Baraka hunisimamisha njiani kuniuliza kama ni kweli kwamba zile filamu za watu wa anga, zenye vyombo vinavyokatiza kati ya nyota, zimefichwa ujumbe wa dini ndani yake. Wanauliza kwa sauti ya chini, na kabla ya kuuliza wanatazama nyuma. Mimi huwajibu kwamba ndiyo, upo, niliusikia kwa masikio yangu. Wanashukuru na kwenda zao wameridhika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni nani aliyeuweka humo. Niliuweka mimi, na haukuwa mali yangu.

Nianze na Kiingereza changu, maana balaa lote lilitoka hapo. Vita vilipotufukuza kijijini Lubondja, upande wa Kongo, nilikuwa mtoto wa kubebwa. Mama akatuvusha ziwa, mimi na dada yangu, tukaishi kambini upande wa Tanzania miaka mingi, na niliporudi naye nilikuwa kijana mwenye ndevu. Dada yangu alikuwa ameolewa huko, akabaki. Baraka nzima iliamini kwamba mtu aliyekulia ng'ambo anajua Kiingereza. Ukweli ni kwamba kambini tulifundishwa na walimu wetu wenyewe, kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Kiingereza nilichokuwa nacho kilikuwa cha foleni: njoo, ngoja, kimekwisha, rudi kesho. Lakini mtu wa kwanza aliponiuliza kama ninakijua sikukataa wala sikukubali, nilitabasamu tu, na tabasamu lile likapokelewa kuwa cheti.

Mfanyabiashara mmoja, mwenye maboti ya kwenda mji wa Uvira, alikuwa amejenga ukumbi wa video karibu na bandari. Ulikuwa wa mbao na maturubai, na ndani kulikuwa na mabenchi, jenereta na ukuta uliopakwa chokaa. Filamu nyingi zilivuka ziwa zikiwa zimekwisha kutiwa sauti ya Kiswahili na mabingwa wa Dar es Salaam. Nyingine zilifika tupu, na watu wetu hawakai mbele ya filamu tupu. Akanipa kipaza sauti. Kazi yenyewe ni kupunguza sauti ya filamu na kusema juu yake, umekaa pembeni ya mashine mchana kutwa, kila anayefungua mdomo pale ukutani umpe maneno. Baada ya muda watazamaji wanakusahau kabisa. Wanasema "yule Mzungu amesema", wakati Mzungu hajasema kitu na wewe koo limekauka.

Filamu za vita hazikunisumbua. Za mapenzi vilevile, kwa sababu yeyote anajua mwanamke anayefunga sanduku huku analia anasema nini. Za anga ndizo zilizonitoa jasho. Watu wamevaa nguo za kubana, wamesimama mbele ya vitufe, wanaongea na kuongea bila mtu kupigwa hata kofi. Ukumbi ukianza kukohoa, ujue umeupoteza. Kwa hiyo nilijaza. Nilijaza barabara ya Uvira na mashimo yake, nilijaza askari wa vizuizi, na nahodha wa chombo cha anga nilimfanya Mubembe, mtu wa kabila la huku, wa kijiji cha Lweba, aliyechoshwa na ndugu wa mke wake. Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika. Nilikuwa hodari wa kazi ile, na sitajifanya mnyenyekevu juu ya hilo.

Kisha ikaja filamu ya mwanamke wa chuma. Dunia imekauka, watu wachache waliobaki wanawindwa na wengine wenye silaha, na mashine moja yenye umbo la mwanamke inawakusanya na kuwaingiza kwenye chombo cha kuondokea. Karibu na mwisho, watoto na wazee wamelala ndani wamefungwa mikanda, nje moshi mtupu, na yule mwanamke wa chuma anasimama mlangoni akiongea. Anaongea muda mrefu. Hakuna muziki. Akimaliza anaufunga mlango yeye akiwa nje, chombo kinapaa, naye anabaki peke yake. Tajiri wangu hakuwa na subira ya kuniacha nitazame filamu kabla ya watu, hivyo niliiona siku ileile nao. Nilitazama ule mlango na wale waliolala, nikatafuta utani nisiupate, nikajisikia ninasema polepole kwenye kipaza sauti:

"We mwenye ulituvusha mayi batoto bakiwa balala, usituamushe katikati. Tuache tufike. Ule mwenye anatufukuza, umupe naye pa kulala, asikumbuke njia yetu. Na mulango wenye utafungua, mi nipite wa mwisho."

Ilikuwa sala ya mama yangu. Aliisema kila asubuhi nyuma ya nyumba akichekecha unga wa muhogo, kwa sauti, na chekecheo likimfuatia. Haikutoka kwenye kitabu chochote. Aliitunga ndani ya boti siku tulipovuka, sisi tumelala chini amefunika kitenge juu yetu, na mwenye boti amemwambia kwamba mtoto akilia tutasikika ufukweni na sote tutakufa. Tangu hapo hakuiacha. Asubuhi nyingine aliongeza kitu, akitaja mgonjwa au mvua, lakini mwili wake ulibaki uleule. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anawaombea pa kulala wale waliochoma nyumba yetu. Aliniambia kwamba wakilala hawatatufuata, akaendelea kuchekecha.

Nilipomaliza kuyasema pale ukumbini, hakuna aliyekohoa. Wavuvi waliokuwa mbele walivua kofia. Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndagala, dagaa wa kwetu, alilia waziwazi. Siku tatu mfululizo tuliombwa kuirudia filamu ile, na kila mara nilirudia maneno yaleyale, kwa sababu watu walikuwa wameyashika na walikuwa wanangoja yafike. Walianza kuniita mwalimu. Ofisi moja ikanitumia ujumbe nije kumtafsiria mgeni wa Kizungu, nikaugua homa ya ghafla kwa siku mbili, na wao wakanitumia pole. Nilikuwa nimenenepa kwa heshima isiyokuwa yangu, na nilipenda sana hali ile.

Mama hakuwahi kuingia ukumbini. Maisha yake yalikuwa kanisa, na ndani ya kanisa, kikundi cha akina mama. Wana sare yao: kitenge cha buluu kilichochapwa maua, na kitambaa cheupe cha kichwa. Mama alikuwa na mbili. Moja aliivaa. Nyingine, mpya kabisa, aliilaza ndani ya sanduku chini ya kitanda, na kila mtu nyumbani alijua ni ya nini. Kwetu, mama wa kikundi akifa anavikwa sare, wenzake wote wanakuja na sare, kwaya inamwimbia kutoka nyumbani hadi kaburini. Mama alikuwa amewazika wengi namna ile, kule kambini na hapa. Hakuna kitu kingine alichokuwa anakitaka kwa ajili yake mwenyewe, na alikuwa anakisema wazi, bila huzuni.

Mwinjilisti wa kanisa letu aliletwa kutoka mbali. Alikuwa bado kijana, mwenye viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope, na alikuwa na mafundisho juu ya siku za mwisho. Alianza na namba, akaenda kwenye nguo, kisha akafika kwenye filamu. Alifundisha kwamba filamu za anga zimetengenezwa kwa makusudi ili kuingiza dini nyingine ndani ya watu bila wao kujua, na kwamba kila mtu wa chuma ni kristo wa uongo. Kuingia ukumbini asingeweza, angejichafua. Akamtuma mtu na simu, akarekodi.

Jumapili ile kanisa lilijaa hadi nje. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, na jirani yangu alikuwa amenyoosha simu yake juu kurekodi mahubiri. Mama alikuwa kwenye benchi la tatu la akina mama. Mwinjilisti aliweka kipaza sauti mdomoni mwa simu, tukasikia jenereta ikinguruma, kisha sauti yangu, ikiwa imejaa kanisa zima. We mwenye ulituvusha mayi. Aliisimamisha hapo, akaeleza. Kuvusha maji watoto wamelala ni kubatiza watu wasiojitambua. Akaiwasha tena, akaisimamisha tena. Kumpa anayetufukuza pa kulala ni mapatano na Shetani, yamesemwa bila hata aibu. Asikumbuke njia yetu, hapo wanafuta Njia kwenye vichwa vya vijana. Na huyo anayepita mlangoni wa mwisho, akauliza, si mnamjua, yule kristo wa uongo? Akasogea mbele ya mimbari.

"Mumesikia? Hii haikusemwa na muntu."

Kanisa likajibu ndiyo. Mamia ya watu wazima, wengine walimu, wengine wauguzi, na hakuna aliyejiuliza mashine ya Wazungu ilijifunza wapi kusema "mayi" kama mtu wa huku kwetu Fizi. Walikuwa wamezoea sauti yangu kuwa ndiyo filamu. Hata wale walionifahamu, walionisalimu mlangoni asubuhi ile, waliisikia sauti yangu na wakamsikia mwanamke wa chuma. Niliwafundisha hivyo mwenyewe, kwa mwaka mzima, na nilikuwa ninalipwa kwa kazi hiyo.

Nilimtazama mama kwa mgongo. Hakugeuka. Mwenzake alimwinamia akamnong'oneza kitu, naye akaitikia kwa kichwa. Nikajifariji kwamba vipaza sauti vyetu ni vibovu, kwamba masikio yake yameanza kuchoka, kwamba maneno yaliyokatwakatwa vile hayatambuliki. Nyumbani alibadili nguo, akaikunja sare, akapika sombe, majani ya muhogo. Jumatatu asubuhi niliamka nikasikia chekecheo. Nilisikia chekecheo peke yake. Nilidhani jino limemsumbua, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akiomba kwa sauti.

Wiki hiyohiyo wakaja watu watatu wa kamati ya kanisa, mwinjilisti akiwa mmoja wao, mchana, wakapewa viti vya plastiki uani. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Sikuwa nimefukuzwa wala kuitwa, nilijificha tu. Walimweleza mama kwamba mtoto wake anatangaza ujumbe wa mpinga Kristo akiwa analala chini ya paa la mama wa kikundi. Akubali moja: mimi nisimame kanisani niseme nani alinipa ujumbe ule, au yeye anitoe nyumbani mwake. La sivyo atawekwa chini ya nidhamu. Mama hakuwauliza ni ujumbe gani. Aliwaambia neno moja tu, nalo nililisikia vizuri.

"Mutoto wangu sitamufukuza. Tulishafukuzwa ya kutosha."

Nidhamu kwetu si kitu cha kelele. Unavuliwa sare. Unahamia benchi la nyuma, lile lililo kando ya mlango, pamoja na wasichana waliopata mimba na wanaume walioongeza mke. Meza ya Bwana inapita mbele yako na husogezi mkono. Watu wanakusalimu vizuri tu. Lakini ukifa ukiwa kwenye benchi lile, kwaya haiji, mchungaji hasemi neno, na sare haiingii kaburini. Mama alijua hayo kuliko mimi. Alikuwa amewahi kuwavua wengine kitambaa kwa mikono yake.

Sasa nieleze kilichotakiwa kwangu, ili mtu asidhani kilikuwa kikubwa. Nilitakiwa kusimama na kusema: sijui Kiingereza. Maneno mawili. Baada ya hapo kila mtu angeelewa kwamba filamu haikusema kitu, kwamba aliyesema ni mimi, na kwamba nilichokisema kilitoka kwa mwanamke aliyekuwa mbele yao amevaa buluu. Ukumbi ungenicheka wiki mbili. Tajiri angetafuta mwingine. Vijana wangeniita mwalimu kwa dhihaka hadi nizeeke. Basi, hayo tu. Na mimi nikapima uzito wa kicheko cha watu wa Baraka na uzito wa sare ya mama yangu, nikanyamaza.

Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa nzuri. Nilijiambia kwamba mwinjilisti atahamishwa. Nilijiambia kwamba kusema kutamdhuru mama zaidi, watu watajua sala yake ilichezewa kwenye ukumbi wa video mbele ya walevi. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe hajalalamika. Hili la mwisho nililipenda kuliko mengine. Alikwenda kila Jumapili na gauni lake la kawaida, akakaa kando ya mlango, akarudi, akapika. Filamu ile niliacha kuionyesha, nikaona nimetenda jambo kubwa.

Mwaka ukapita. Miguu ya mama ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali walimpa vidonge na wakaniambia nisimruhusu kubeba maji. Akaendelea kwenda kanisani, kwa pikipiki, nikimshika. Nilimwacha mlangoni, na hapo ndipo benchi lake lilipokuwa, kwa hiyo hakuwa na safari ndefu. Siku moja nilimkuta ameketi sakafuni, sanduku liko wazi, ametoa ile sare mpya anaianika madirishani isishike ukungu. Mimi nilijifanya nimepita kutafuta kiberiti.

Ndipo akaja binti wa dada yangu. Yeye alizaliwa kambini, lakini alibahatika kusoma shule za Tanzania hadi mwisho, na Kiingereza chake kilikuwa cha kweli. Alipata kazi ya kufundisha Lweba, na mwisho wa wiki alikuja kumuuguza bibi yake. Alasiri moja alikaa barazani na kompyuta yangu ya zamani akipekua filamu zilizomo, nikasikia mwanamke wa chuma anaongea. Sauti ilikuwa wazi kabisa, haikuwa imepunguzwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia mpaka mwisho bila mimi kumfunika. Binti akaniita, akaniuliza pale mlangoni nilikuwa ninawaambia watu nini. Nikamwambia. Alicheka kwanza, kisha akanitazama usoni akaacha kucheka.

Nikamwomba anieleze mwanamke yule anasema nini hasa. Akairudisha nyuma, akanitafsiria kipande kwa kipande. Anawaeleza kwamba hewa iliyomo ni ya siku chache. Kwamba bomba la kulia lifungwe kabla ya la kushoto. Mlango wa pili usiguswe mpaka taa nyekundu izimike. Na atakayetapika atumie mifuko iliyo chini ya kiti. Hayo ndiyo yaliyowaliza wavuvi. Hayo ndiyo yaliyomweka mama yangu kando ya mlango: bomba, taa na mifuko ya kutapikia. Nilimweleza binti kila kitu, palepale barazani, naye akaniuliza mara mbili kama bibi yake anajua. Nikasema hapana.

Hakunipa nafasi ya kutafuta sababu nyingine. Jumatano alinipeleka mbele ya kamati, tuseme alinisukuma. Tulikaa katika ofisi ya kanisa, watu walewale watatu. Mwinjilisti alikuwa amekuwa mtu mkubwa. Mafundisho yake yalikuwa yanauzwa madukani kwenye kadi za kumbukumbu za simu, na alikuwa anajiandaa kwenda Uvira kufanya semina. Nikasema yale maneno mawili. Yalitoka kirahisi, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Binti akaiwasha filamu na kuwatafsiria, bomba la kulia, bomba la kushoto, taa, mifuko. Mmoja wa wazee alitabasamu. Mwinjilisti alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Njo maana inaitwaka ujumbe wa kufichwa," akasema. "Kama ingesikika kwa Kingereza, ingekuwa ya kufichwa namna gani?"

Binti aliifunga kompyuta. Sijapata jibu la swali lile mpaka leo, na nimejaribu. Nikaona tunapotea, nikasema lililobaki, kwamba yale maneno ni sala ya mama yangu, aliitunga akiwa ndani ya boti, ameisema tangu mimi mtoto. Nilidhani nimewasha taa. Mzee yule aliyetabasamu akavua miwani na kusema kwamba ikiwa ni hivyo, basi jambo limekuwa zito zaidi, mama aitwe aeleze maneno yale aliyapata kwa nani. Mwinjilisti akakubali haraka. Wataketi akirudi kutoka semina. Nilikwenda kumtoa mama yangu kwenye benchi, nikamtoa na kumweka kizimbani.

Nilirudi nyumbani kabla ya binti. Mama alikuwa ameegemea ukuta uani, amenyoosha miguu kwenye jua. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia yote, kuanzia foleni ya kambini hadi kamati, nikiwa nimetazama vidole vyake vya miguu vilivyovimba. Nilitegemea ashangae. Pumzi ilikuwa inamsumbua, akaongea taratibu.

"Nilijua tangu ile siku baliisikilizisha kwa kanisa. Ilikuwa sala yangu yote, hata ya mulango."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusimama akasema ni yake.

"Ningesema, bantu bangejua we haujue Kingereza. Nikaona ni heri useme we mwenyewe." Akavuta pumzi. "Nilikungojea, mutoto wangu. Kila siku ya Mungu kwa kanisa, pale nyuma. Nikisikia mulango, nafikiri ni we unaingia kusema."

Niliingia ndani nikalia nimeziba mdomo na shuka, kwa sababu hata wakati ule niliogopa majirani wasinisikie.

Mama alifariki kabla mwinjilisti hajarudi. Asubuhi akina mama wa kikundi walikuja, wote, wamevaa nguo za kila siku. Walichota maji, walipika, walimwosha mwenzao vizuri. Nilipoleta sanduku, mkubwa wao alinirudishia kwa mikono miwili, akasema wamekatazwa, na kwamba sare ikivishwa wao itawabidi waondoke. Nilikuwa mtoto wake wa kiume, nyumba ilikuwa yetu, ningeweza kuwaacha waende nikamvika mwenyewe na binti. Nilifikiria nani atabeba, nani atasimama nami kaburini. Nikakikunja kile kitenge cha buluu na kukirudisha sandukuni. Tukamzika na gauni la kwenda sokoni, bila wimbo. Binti alinitazama mara moja tu siku ile, na tangu hapo nikienda Lweba ananiandalia chai na kuniuliza habari za safari, basi.

Ukumbi haupo tena. Ziwa lilipopanda lilichukua mstari mzima ule wa bandari. Mwinjilisti, akiwa tayari amehamia mji mkubwa, alituma salamu kwamba hiyo ni hukumu. Maji yaleyale yaliingia jikoni mwa kanisa yakabeba sufuria za akina mama, lakini hilo hakulifafanua. Mimi sasa ninauza betri na chaja karibu na soko. Kamati haikuketi tena juu ya mama, kwa kuwa mtu akifa jambo lake linafungwa.

Nimejaribu kuisema ile sala peke yangu asubuhi, nikagundua kwamba siijui. Ninaikamata mwanzo, kisha vipande vinapishana. Hakuisema tena kwa sauti tangu Jumatatu ile, na mimi nilikaa naye nyumba moja mwaka mzima na zaidi bila kumuuliza. Imebaki mahali pamoja tu. Nilinunua kadi ya mafundisho dukani kama mtu mwingine yeyote, na yale niliyoyaandika huko juu nimeyanakili kutoka humo. Ni rekodi ya yule jirani yangu wa dirishani. Mwinjilisti anaikata sala kila sentensi na kueleza, kwa hiyo ili nifike kwenye maneno ya mlango ni lazima nimsikilize na yeye.

Ninaijua rekodi ile yote sasa. Baada ya "mi nipite wa mwisho" anauliza kama wamesikia, anasema haikusemwa na mtu, na kanisa linajibu ndiyo. Hapo huwa ninairudisha nyuma na kuweka simu sikioni, nitafute kama sauti ya mama imo ndani ya ile ndiyo. Sijawahi kuisikia. Yangu imo, iko karibu kabisa na simu, na inasema ndiyo kabla ya wengine.